Ua Uliogeukia Ndani

Nikisema "Kope!" nyinyi jibuni "Ua wa jicho!" Mnasikia?

Kope!

— Ua wa jicho!

Kope!

— Ua wa jicho!

Nani hulilinda zizi?

— Mwenye ng'ombe!

Na asipolilinda?

— Fisi atamlindia!

Haya, sogeeni. Wewe uliyekaa upande wa moshi, hamia huku. Leo simsimulii mtu anayefikicha macho. Kisa hiki nilipewa na bibi yangu mzaa mama. Akifika katikati alikuwa ananyamaza kidogo, halafu anaendelea. Nami nikinyamaza, msinihimize.

Hapo zamani za kale, enzi zile nzi alipokuwa bado anapiga hodi kabla ya kutua, palikuwa na nchi kavu. Mvua ilikuja mara moja kwa mwaka, tena ikaondoka upesi kama mgeni aliyenyimwa kiti. Kisima kilikuwa kimoja, mwendo wa asubuhi nzima. Maji yakifika nyumbani yaligawanywa kwa desturi: kwanza ndama, pili chungu, tatu pombe ya wazee. Uso wa mtu haukuwemo katika mgawo. Uso ulingoja masalio, na masalio hayakuwapo.

Watu wa nchi ile walikuwa na ng'ombe wengi, na penye ng'ombe pana nzi. Basi wakamheshimu nzi. Walimwita mgeni wa ng'ombe. Mtoto mwenye nzi usoni alisifiwa: "Huyu kwao kuna maziwa." Mtoto mwenye uso mkavu alionewa huruma: "Maskini, kwao hata nzi hawaendi." Na kumfukuza nzi usoni pa mtoto kulikuwa mwiko, kwa maana walisema nzi akiondoka, ng'ombe humfuata. Ndivyo walivyosema. Msiniulize mimi.

Katika nchi hiyo akaolewa msichana mmoja jina lake Sechelela. Hakuwa mrembo kushinda wenzake, lakini alikuwa na macho. Alisimama mlangoni pa boma jioni, akatazama vumbi mbali kule bondeni, akasema: "Shemeji anakuja. Amebeba kibuyu. Anachechemea mguu wa kushoto." Watu wakangoja, wakangoja, shemeji akatokea, kibuyu begani, anachechemea. Mumewe, Lubeleje, akawa anajivuna: "Mimi sihitaji mbwa. Nina mke."

Sechelela akazaa mtoto wa kike, wakamwita Nyemo, maana yake furaha.

Siku ya kwanza ya kumtoa mtoto nje, Nzi akaja.

"Hodi, mama."

"Karibu, mgeni wa ng'ombe."

Nzi akaimba:

*Nipe pembe, nipe pembe,*
*pembe ndogo ya jicho.*
*Sina meno, sina kucha,*
*mgeni nakaa tu.*

Sechelela akamtazama mwanawe, akainua mkono amfukuze. Mama mkwe wake, Bibi Matika, alikuwa kakaa hapo anapepeta uwele. Hakuinua hata uso.

"Mkono wako, mkamwana," akasema. "Unataka tuwe maskini?"

Sechelela akashusha mkono. Nzi akakaa.

Siku ya pili Nzi akasema: "Mama, kukaa nimekaa, lakini nina njaa. Nipe tongo, lile tongo la asubuhi, ambalo wewe hulitaki." Akaimba wimbo wake. Sechelela akainua mkono.

"Mkono wako, mkamwana."

Sechelela akashusha mkono. Nzi akala.

Siku ya tatu Nzi akasema: "Mama, kula nimekula, lakini nina miguu, na miguu haitulii. Niruhusu nitoke jicho hili niende lile. Nitoke kwa mwanao niende kwa mtoto wa jirani, nirudi kwako, nilale kwako." Akaimba wimbo wake. Sechelela akainua mkono.

"Mkono wako, mkamwana."

Sechelela akashusha mkono. Nzi akatembea. Tangu siku hiyo hakupiga tena hodi.

Sasa, pale mlangoni alikuwapo pia Paka. Paka hana ng'ombe hata mmoja, mnamjua. Lakini kila asubuhi alikaa juani, akalamba kiganja, akapangusa uso. Akalamba kiganja, akapangusa uso. Akalamba kiganja, akapangusa nyuma ya sikio. Watu walimcheka. Walisema asiye na kazi husugua pua.

Paka akasema: "Mama Nyemo, nina neno. Kiganja kimoja cha maji kwa mtoto, asubuhi. Kiganja kimoja tu. Na mtoto mwingine naye kiganja chake."

Sechelela akamtazama mama mkwe.

Bibi Matika akacheka. "Ndama anywe, chungu kipate, wazee wapate, halafu tumwage maji usoni kwa shauri la paka? Mwanangu, huna nguo?"

Nguo alikuwa nayo. Alikuwa na kaniki yake ya harusi, nyeusi, na upindo wake wa chini ulikuwa laini kwa kuvaliwa. Akashika upindo, akamfuta Nyemo macho, polepole, kwa mapenzi. Kisha akawafuta watoto wa shemeji waliokuwa wakicheza pale, kwa kuwa mtoto wa mwenzio ni wako. Kisha akajifuta mwenyewe. Upindo ule ule. Kesho yake akafanya hivyo, na kesho kutwa, na kila siku ya Mungu. Nyumba nzima ikamsifu: "Sechelela ana upendo. Hampiti mtoto mwenye tongo." Na ni kweli, alikuwa na upendo. Hilo nataka mlishike.

Paka akauangalia ule upindo. "Mama Nyemo," akasema, "Nzi ana miguu sita. Huo upindo wako ni mguu wa saba."

Hakuna aliyemsikiliza.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Ukaja kama kimchanga. Macho ya Sechelela yakawasha, yakapoa, yakavimba, yakapoa, yakatoa usaha, yakapoa. Kila yalipopoa aliona amepona. Kumbe ndani ya kope, mahali asipopaona mtu, kovu lilikuwa linaota juu ya kovu. Kovu huvuta, nyinyi wenyewe mnajua, aliyeungua mkono anajua. Likavuta, likavuta, hata siku moja ua ukageuka.

Nanyi mmeona ua wa zizi ulivyo. Miiba yake hutazama nje, imchome fisi. Sasa fikirini ua umegeuzwa, miiba yote inatazama ndani, na ng'ombe wamo. Ndivyo kope za Sechelela zilivyokuwa. Akipepesa, miiba inakwaruza mboni. Na mtu hupepesa mara ngapi kutwa? Hata mimi sijui. Yeye alijua.

Nyemo alikuwa sasa msichana wa kutumwa kisimani. Mhunzi akamfulia kikoleo kidogo cha chuma. Kila asubuhi mama alilaza kichwa mapajani pa binti, na binti akamng'oa kope zile mojamoja.

"Imebaki moja, mama."

"Toa."

"Na nyingine."

"Toa, mwanangu."

Wiki mbili zikipita zimeota tena, fupi na ngumu kama mabua yaliyokatwa. Akizitoa zinaota.

Paka akaja akakaa karibu. "Mama Nyemo, nina neno. Nyuma ya Kilima cha Mawe Meupe, mwendo wa siku mbili, yuko mganga mwanamke. Hana hirizi, hana kibuyu cha dawa. Ana kisu kidogo na uzi. Kazi yake ni kuugeuza ua utazame nje. Nenda sasa, ng'ombe wangali hai."

Jioni ile Sechelela alikuwa amesimama mlangoni, akatazama bondeni. Akasema: "Mtu anakuja. Nadhani ni shemeji." Mguu wa kushoto hakuuona.

"Nenda," Paka akasema.

"Nikimaliza kupura uwele," akasema Sechelela. "Jicho halina haraka. Tena ninayo mawili."

Uwele ukapurwa, ukatiwa ghalani. Hakwenda.

Mwaka ukapita. Jioni akasimama mlangoni, akatazama bondeni. Akasema: "Kuna kitu kinakuja. Mtu au ng'ombe." Katika jicho la kulia lilikuwa limeingia doa jeupe, kama tone la maziwa kwenye maji.

"Nenda," Paka akasema.

"Ng'ombe wakimaliza kuzaa. Nani atawakamua nikiondoka? Nina jicho moja na nusu, linanitosha."

Ng'ombe wakazaa, ndama wakakua. Hakwenda.

Mwaka mwingine ukapita. Jioni akasimama mlangoni, akatazama bondeni. Hakusema kitu.

"Nenda," Paka akasema, naye siku hiyo alisema taratibu.

"Mchumba wa Nyemo na watu wake wanakuja mwezi ujao kutoa mahari," akasema Sechelela. "Nikiondoka nani atawapokea? Nikiona mwanga tu inanitosha. Nikishamwoza mwanangu, nitakwenda."

Wakaja wageni hao, wakala, wakanywa, wakakubaliana. Wakasifu hata nzi wa boma lile. Sechelela alikaa kwenye ngozi yake, uso ameuelekeza kule sauti zinakotoka.

Siku ya nne baada ya hapo, Nyemo alirudi kutoka kisimani, mtungi kichwani. Mama alikuwa mlangoni. Nyemo akasimama mbele yake, karibu, kama mimi na wewe hapa. Jua lilikuwa juu.

"Karibu," akasema mama. "Wewe ni nani?"

Nyemo akautua mtungi.

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani?"

Hapa ndipo bibi yangu alipokuwa ananyamaza.

Kesho yake asubuhi Nyemo akashika ncha moja ya fimbo, mama akashika ya pili. Wakatembea siku mbili. Paka aliwafuata hadi mwisho wa mashamba, akarudi.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono misafi na maneno machache. Akamkalisha Sechelela juani, akapindua kope ya kulia, akatazama. Akapindua ya kushoto, akatazama. Akanawa mikono. Kisha akakaa chini.

"Mama," akasema, "ua nitaugeuza. Hiyo ni kazi yangu, sishindwi. Lakini zizi lako nimechungulia. Ng'ombe wamekwisha kufa ndani."

"Wote?"

"Wote."

Kuku wa mganga walipita, wakadonoa, wakaenda zao. Mwishowe Sechelela akasema: "Ugeuze hivyo hivyo. Angalau miiba iniache."

Mganga akatoa kisu. Kabla hajaanza akamtazama Nyemo, akamtazama tena. "Na huyu aliyekuleta, mbona anapepesa hivyo?"

"Vumbi la njiani," akasema Nyemo.

"Vumbi. Njoo hapa." Akapindua kope ya Nyemo. Makovu yalikuwa yameanza kuvuta. Kope sita zilikwisha geukia ndani, nne jicho la kulia, mbili la kushoto.

"Huyu bado ana ng'ombe wake," akasema mganga. "Lakini nani alikuwa akimfuta macho huyu utotoni?"

Nyemo akainama.

"Mimi," akasema Sechelela.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa upindo huu."

"Na wewe mwenyewe ulijifuta kwa kitu gani?"

"Kwa upindo huu huu." Sauti yake ikashuka. "Na watoto wa shemeji pia. Wote. Kila siku. Sikumpita hata mmoja. Nilikuwa nawapenda."

Mganga hakumkaripia. Alikuwa amesikia maneno hayo kwa kina mama wengi. Akasema tu: "Mshike kichwa binti yako asitikisike. Nitaanza naye."

Sechelela akamshika Nyemo kichwa mapajani pake, kama yeye alivyoshikwa asubuhi zile zote. Mganga akakata, akageuza, akashona. Nyemo alikaza meno, hakulia. Aliyelia ni mama yake. Jicho lililokufa halioni, lakini kulia linajua, na hilo ni jambo linaloniumiza kila nikilisimulia.

Mganga alipomaliza macho yote manne, Sechelela akamwambia: "Niazime hicho kisu." Akaupapasa upindo wa kaniki yake ya harusi, akaukata pembe mpaka pembe, akautia motoni. Ulitoa moshi kidogo. Basi.

Wakarudi, siku mbili, fimbo katikati. Safari hii Nyemo hakupepesa.

Nyemo akaolewa, akachukua mimba, akaja kujifungulia kwao kama desturi ilivyo. Akazaa mtoto wa kike. Wakamtoa nje, wakamweka mapajani pa bibi yake.

Majirani wakaja kutazama. Na Nzi naye akaja. Safari hii alipiga hodi, kwa dhihaka.

"Hodi, bibi. Hunioni."

"Sikuoni," akasema Sechelela. "Nakusikia."

Nzi akaimba:

*Nipe pembe, nipe pembe,*
*pembe ndogo ya jicho.*
*Nilikula kwa mama yake,*
*nikala na kwa bibi.*

Sechelela akainua mkono.

Bibi Matika alikuwa hai bado, kakunjamana pale pale mlangoni. Naye alikuwa hapepeti tena uwele, kwa sababu haoni. Ua wake uligeuka zamani, akadhani ndio uzee. Akasikia majirani wamenyamaza, akajua mkono umeinuliwa.

"Mkono wako, mkamwana."

Sechelela akasema: "Mama, nimekutii tangu nije katika nyumba hii. Macho yangu nilikupa, na ya mwanangu nusura nikupe. Leo naomba unirudishie mkono wangu."

Akampiga Nzi kwa kiganja. Nzi akaruka, akaenda zizini.

Watu wakashika midomo. Wakatazama ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wanacheua. Wakangoja hadi jioni. Ng'ombe wakacheua. Wakaja kutazama asubuhi, zizi limejaa, hakuna aliyemfuata nzi hata hatua moja. Bibi Matika alipoambiwa aliuliza mara mbili, "Hakuna hata mmoja?" Kisha akajifunika shuka, akageukia ukutani, na siku ile hakula.

Lakini turudi pale mlangoni. Mtoto alikuwa na tongo. Mkono wa Sechelela ukashuka wenyewe kutafuta upindo, miaka mingi mkono ulijua njia. Ukapapasa, haukuupata. Kaniki ilikuwa fupi.

"Nyemo," akasema, "maji."

"Ndama hajanywa, mama."

"Ndama atangoja."

Nyemo akachota kwa kata, akamiminia kiganjani pa mama yake. Kiganja kimoja. Sechelela akamnawisha mjukuu: paji la uso, jicho la kulia, jicho la kushoto, pua, shavu. Vidole vilikwenda taratibu kuliko inavyohitajika kumnawisha mtoto. Nyemo akaelewa, akamwacha.

Kiganja kikaisha. Sechelela akauliza: "Macho yake yakoje?"

"Mazuri, mama. Meupe, safi. Makali kama yako ya zamani."

"Anatazama wapi? Kule bondeni?"

"Hapana," akasema Nyemo. "Anakutazama wewe."

Sechelela akainamisha uso, akauweka pale alipodhani mtoto anauona vizuri. Akakaa hivyo mpaka mtoto akasinzia.

Tangu siku hiyo katika boma lile maji yaligawanywa mara nne, na mgawo wa kwanza ni wa uso, na kila mtu na kitambaa chake. Watoto wa shemeji wakapelekwa kwa mganga kabla uwele haujapurwa. Na Paka akahamishiwa ndani ya nyumba. Ndiyo sababu hadi leo analala jikoni na anaosha uso mbele ya watu bila haya. Na Nzi? Mtazameni akitua. Kazi yake ni kusugua mikono, kama mtu aliyekula cha mwenziwe na anasubiri kingine.

Kope!

— Ua wa jicho!

Basi mafunzo yake mmeyaona, lakini nitayasema, maana wengine hapa masikio yenu yana nta. Uso unawe kila asubuhi, kiganja kimoja hakimfilisi mtu. Nguo ya kufutia isitoke jicho hili kwenda lile, hata mkono unaoishika uwe wa mama. Na jicho likiwasha, nenda kwa mganga leo. Uwele utangoja. Ng'ombe atazaa bila wewe. Jicho ndilo lisilongoja.

Mimi siku ile ya mtoto nilikuwapo. Nilipewa maziwa bakuli zima. Nikageuka kumsalimu mtu, kugeuka hivi, Nzi yumo anaogelea. Ndiyo maana nimefika kwenu na njaa. Kisa nimekitua. Anayekitaka akibebe, ila anawe uso kwanza.